rm haisomi bomba, weka xargs katikati

Ndugu, umeuliza kwa nini kuunganisha find (amri ya kutafuta faili) na rm (amri ya kufuta faili) kwa | hakufuti faili za .tmp kwenye Linux. Alama ya |, yaani bomba, haina kosa, shida ni rm yenyewe. Bomba humimina matokeo ya amri ya kushoto kwenye ingizo la programu ya kulia. Programu kama grep, sort na wc husoma hapo. rm haisomi, inataka majina yaandikwe mbele yake, ndiyo maana find | rm inakulalamikia kwamba hujataja faili. xargs huyachukua majina kutoka kwenye bomba na kuyaweka mbele ya rm. Andika hivi:

find . -name '*.tmp' -print0 | xargs -0 rm

Hizo -print0 na -0 hutenganisha majina kwa alama maalumu badala ya nafasi, usiziache kabisa. Hapa Ngamiani, Tanga, natunza risiti za duka kwenye kompyuta, na kuna faili linaitwa "risiti machi.tmp". Bila hizo, xargs inakata jina penye nafasi na kufuta "./risiti" na "machi.tmp". Kama kweli una faili liitwalo risiti, limekwenda, na rm haina pipa la taka. Jaribu kwanza na echo, inayoonyesha majina tu, badala ya rm, uone orodha.

Ujumbe wa makosa nao haupiti kwenye bomba mpaka uandike 2>&1 kabla ya |.