Maswali ya Jikoni: Kuku kwa Uyoga, Krimu na Mvinyo Mweupe

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kupika kuku kwa uyoga, krimu na mvinyo mweupe, kwa mtindo wa eneo la Anjou lililo magharibi mwa Ufaransa, na barua tulizopokea zinaonyesha kwamba wengi wamekwisha kukijaribu chakula hicho majumbani mwao. Kwa wasiolipata toleo hilo, mapishi yenyewe kwa watu wanne ni haya: kilo moja ya mapaja ya kuku hukaangwa kwa kijiko kimoja cha siagi na kimoja cha mafuta hadi ngozi iwe ya hudhurungi, kisha hutolewa, katika mafuta yale yale hukaangwa gramu 300 za uyoga, kitunguu maji kimoja na punje tatu za kitunguu saumu, humiminwa mililita 200 za mvinyo mweupe usio na utamu, ukachemka hadi upungue, kuku hurudishwa pamoja na mililita 150 za supu na kufunikwa kwa muda wa nusu saa hivi, na mwisho kabisa huingia mililita 200 za krimu, chumvi na pilipili manga. Maswali yafuatayo tumeyachagua kwa sababu yanagusa mambo yaliyowasumbua wasomaji wengi.

Swali: Shikamoo Mama. Nilipika chakula hiki Jumapili kwa ajili ya wakwe zangu. Krimu niliikosa dukani, nikatumia maziwa ya ng'ombe, na mvinyo nilionunua ulikuwa wa hapa hapa kwetu. Mara tu nilipomimina maziwa, mchuzi ulikatika ukawa chembechembe, na ladha yake ilikuwa tamu kupita kiasi. Je, mvinyo wetu haufai kwa mapishi haya? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Mvinyo wa Dodoma unafaa, tena unafaa sana. Miongoni mwa zabibu zinazolimwa huko kwa ajili ya mvinyo mweupe imo ile iitwayo Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire, na Anjou yenyewe imo katika bonde hilo. Kwa hiyo mpishi wa Dodoma anaweza kupika chakula hiki kwa zabibu ya jamii ile ile wanayoitumia wenyeji wa Anjou, jambo ambalo wapishi wa miji mingi mikubwa hawawezi kujivunia. Tatizo lako limetokana na aina ya chupa uliyochagua, kwa kuwa katika rafu moja huuzwa mvinyo mtamu na mvinyo mkavu, yaani ule ambao sukari yake ya zabibu karibu yote imekwisha kugeuka kuwa pombe wakati wa kuumuka. Mvinyo mtamu ukichemshwa, maji hupungua lakini sukari hubaki yote, na ndiyo maana mchuzi wako ulikuwa mtamu kuliko hata mvinyo uliokuwa katika glasi. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kulipa, au mwulize muuzaji akupe mkavu.

Kukatika kwa mchuzi ni jambo jingine, na ningependa ulielewe vizuri, kwa sababu ukilielewa hutahitaji tena kuogopa mchuzi wowote wa maziwa. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, ambayo ikikutana na uchachu na moto mkali kwa wakati mmoja hujikusanya na kuganda, na mvinyo una uchachu wa kutosha kabisa kufanya hivyo. Krimu nzito, yenye mafuta ya asilimia 30 na zaidi, huvumilia kwa sababu protini yake ni kidogo na mafuta yake ni mengi. Maziwa ya kawaida hayana kinga hiyo. Basi anayelazimika kutumia maziwa na ayape kinga kwa unga: baada ya kukaanga uyoga na vitunguu, nyunyiza vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, koroga kwa dakika mbili hadi harufu ya unga mbichi iishe, ndipo umimine mvinyo kidogo kidogo. Wanga wa unga huizuia kaseini isishikamane, na mchuzi utakuwa mzito bila krimu. Malai unayoyaengua juu ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanafaa pia, na kwa maoni yangu yana ladha bora kuliko krimu nyingi za pakiti.

Liko jambo moja lisilobadilika, uwe na krimu, malai au maziwa: mvinyo lazima uchemke na kupungua kabla ya vitu hivyo kuingia. Usiangalie saa peke yake, angalia sufuria. Mwanzoni mvinyo hutoa povu jepesi na mvuke wake hupanda puani kwa ukali. Baada ya dakika tano au sita ukali huo hutulia, mapovu huwa makubwa na mazito, na ukipitisha mwiko katikati ya kikaango, njia yake hubaki wazi kwa kitambo kifupi kabla mchuzi haujarudi kuifunika. Hapo imebaki kama theluthi ya mvinyo uliomimina. Mwishoni, kuku akishaiva, punguza moto uwe wa chini kabisa, chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto uuchanganye na krimu pembeni ili krimu izoee joto, kisha uirudishe yote sufuriani na uache mchuzi ujongee tu bila kutokota kwa nguvu.

Mchuzi uliokwisha kuwa chembechembe haurudi kuwa laini. Chuja, ongeza unga uliokorogwa kwa supu, ule hivyo hivyo, kwani hauna madhara. Lakini kama ni mafuta tu yaliyojitenga na kuelea juu, ondoa sufuria motoni, tia vijiko viwili au vitatu vya krimu baridi au maji, ukoroge kwa kasi, na utaona mchuzi ukishikana tena.

Swali: Mimi natumia uyoga wa mamama unaolimwa na kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu. Kila ninapoukaanga hutoa maji mengi na kuwa kama umechemshwa. Je, niuoshe au nisiuoshe? Na uyoga wa porini anaoniletea shangazi yangu wakati wa masika ungefaa? (Msomaji, Morogoro)

Uoshe, lakini haraka, kwa maji yanayopita, kisha uukaushe kwa kitambaa safi, usiuloweke. Uyoga wenyewe una maji kwa kiasi cha asilimia 90 hata kabla hujaugusa, kwa hiyo maji machache ya kuoshea si chanzo cha taabu yako. Chanzo ni kikaango kilichojaa kupita kiasi. Uyoga ukirundikana, maji unayoyatoa hayapati nafasi ya kuwa mvuke, na matokeo yake ni kuchemka. Pasua mamama kwa vidole kufuata mishipa yake, tandaza safu moja tu katika mafuta yaliyokwisha kupata moto, na usiuguse kwa dakika mbili au tatu. Utasikia mlio wa maji yanayokauka ukibadilika na kuwa mlio mkavu wa kukaanga, hapo geuza. Chumvi tia mwisho, kwa sababu huvuta maji nje mapema. Kama uyoga ni mwingi, kaanga kwa mikupuo miwili. Hatua hii watu wengi huiharakisha, nami naisisitiza, kwa kuwa ladha ya nyama ya kuchoma tunayoitafuta katika uyoga hupatikana hapa tu, na krimu ikishaingia haiwezekani kuipata tena.

Kule Anjou hutumia uyoga mdogo mweupe wa mviringo, ambao karibu na mji wa Saumur umelimwa kwa miaka mingi ndani ya mapango yaliyobaki baada ya kuchimbwa mawe laini ya kujengea. Mamama ni laini zaidi na hunywa mchuzi vizuri zaidi. Mimi siuoni kama mbadala wa kujitetea bali kama chaguo zuri kwa haki yake.

Kuhusu uyoga wa porini, kama shangazi yako ni mjuzi aliyeurithi ujuzi huo kwa wazee na anauokota mahali anapopajua, uyoga unaoota kwenye vichuguu ni miongoni mwa vyakula vitamu vilivyopo nchini. Lakini usinunue barabarani kwa mtu usiyemfahamu, wala usiokote mwenyewe kwa kubahatisha, kwa kuwa ipo aina ya uyoga ambayo sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha, na dalili zake huchelewa kuonekana hadi ini limekwisha kuathirika.

Swali: Assalaam aleikum, Bi Mpishi. Sisi nyumbani hatutumii pombe, lakini watoto wamekiona chakula hiki katika gazeti wanakitaka. Jirani ananiambia nisihofu, eti pombe yote huruka na mvuke. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nitie nini badala yake? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Nakujibu waziwazi, kwa sababu jambo hili ni la imani na halifai kujibiwa kwa kukisia: pombe yote hairuki. Ni kweli kwamba pombe huchemka katika nyuzi 78 za selsiasi, yaani mapema kuliko maji, lakini ikishachanganyika na mchuzi hutoka taratibu. Kwa makadirio yaliyotolewa na Idara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichotiwa pombe na kuchemshwa polepole kwa dakika 15 hubaki na kama asilimia 40 ya pombe iliyotiwa. Kwa nusu saa, kama asilimia 35. Na hata baada ya saa nzima, kama asilimia 25. Jirani yako amesema kwa nia njema, lakini usilitegemee neno lake. Ushauri huu unawahusu pia wajawazito, na wale walioacha pombe na wasiopenda kuionja tena.

Ili upate badala yake, kwanza tuangalie kazi ya mvinyo katika sufuria. Huleta uchachu unaokata uzito wa krimu, huleta utamu mdogo wa tunda, na hung'oa ule ukoko wa hudhurungi ulioshika chini ya kikaango baada ya kukaanga kuku. Ukoko huo hung'oka kwa kitu chochote cha majimaji. Chukua mililita 150 za supu ya kuku na mililita 50 za juisi ya zabibu nyeupe isiyoongezwa sukari, uchemshe hadi vipungue kwa nusu, kisha uendelee kama kawaida. Uchachu uache mwisho: chakula kikishatoka motoni, kamulia kijiko kimoja cha maji ya ndimu, onja, na uongeze kama bado mchuzi unaonekana mzito ulimini. Ndimu ikitangulia mapema hupoteza harufu yake, na ikikutana na krimu inayotokota utaupata msiba ule ule wa ndugu yetu wa Dodoma. Ukwaju sikushauri, kwa kuwa utaugeuza mchuzi kuwa wa kahawia na kuifunika ladha ya uyoga.

Nawe u mtu wa Pwani, kwa hiyo nina hakika kwamba mkono wako unajua zaidi ya unavyodhani. Tui zito la nazi huingia mwisho, kwa moto mdogo, nawe hukaa hapo ukikoroga kwa upande mmoja ili lisikatike. Krimu nayo huishika vivyo hivyo.

Swali: Mbona mchuzi wangu una rangi ya kijivu, ilhali krimu ni nyeupe? (Msomaji, Arusha)

Yamkini ulipikia katika sufuria ya alumini. Uchachu wa mvinyo hula alumini isiyopakwa kitu, na mchuzi mweupe huionyesha rangi hiyo kuliko mchuzi wa nyanya. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ya enameli, au kikaango kisichoshika chakula. Sababu ya pili yaweza kuwa uyoga mkubwa uliokomaa, ambao vishavu vyake vya chini ni vyeusi. Vikwangue kwa kijiko kabla ya kuukata.

Swali: Shikamoo Mama. Huku kwetu kuku wa kisasa hatumpendi. Nilimpika jogoo wa kienyeji kwa maelezo yenu, na baada ya nusu saa alikuwa bado mgumu kabisa. Nifanyeje? (Msomaji, Bukoba)

Marahaba. Maelezo yetu yalimhusu kuku wa kisasa, ambaye huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache na nyama yake huiva upesi. Jogoo wa kienyeji amekimbia, na mishipa yake inahitaji muda mrefu katika maji yanayochemka polepole ndipo ilainike. Mkate vipande, mbandike katika maji yanayomfunika, pamoja na kitunguu, kipande cha tangawizi na chumvi kidogo, umwache achemke kwa moto mdogo kwa saa moja na nusu, au zaidi kama ni mzee, mpaka uma upite bila kusukumwa. Hapo mtoe, mpanguse maji, umkaange katika siagi na mafuta hadi apate rangi. Supu iliyobaki ndiyo faida yako kubwa: ichemshe peke yake hadi ipungue kwa nusu, na uitumie mahali pa supu ya kawaida. Mchuzi utakaoupata una kina ambacho kuku wa kisasa hawezi kukutolea, nami binafsi, nikiwa na muda, humchagua huyo wa kienyeji.

Kwa kuwa supu yake ina ladha kali, punguza mvinyo hadi mililita 150, na usitie chumvi nyingine mpaka krimu iwe imeingia na umekwisha kuonja. Ndizi za kuchemsha zitamfaa vizuri kuku huyo, kama vile wali au viazi. Kikibaki chakula, kiweke kwenye friji mara kinapopoa, kiliwe ndani ya siku mbili, na siku ya kukipasha moto ongeza vijiko viwili vya supu au maji, ukikoroga kwa moto mdogo hadi nyama iwe ya moto mpaka kwenye mfupa.