Je, majanga ya nchi moja na mwaka mmoja yameingiliana?

Swali: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu majanga ya asili yanayoingiliana duniani. Nimepakua kumbukumbu za EM-DAT, hifadhidata ya kimataifa ya majanga, na kuziunganisha kwa nchi na mwaka, nikapata orodha ndefu. Je, naweza kuchora ramani ya dunia kutokana nayo?

Jibu: Hapana, usichore bado. Kuunganisha kwa nchi na mwaka ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi katika kazi hizi, na linanisikitisha kwa sababu matokeo yake huonekana ya kitaalamu. Mwaka 2019 Msumbiji ilipigwa na Kimbunga Idai, kilichotua karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, kisha na Kimbunga Kenneth, kilichotua mkoani Cabo Delgado tarehe 25 Aprili, mamia ya kilomita upande wa kaskazini. Jedwali lako litasema vimeingiliana. Ni kweli kwamba waliokuwa wakihudumia waathirika wa Beira walitakiwa kukimbilia kaskazini, na mzigo huo unastahili kuchunguzwa, lakini huo ni uhusiano wa aina nyingine na unahitaji safu yake. Tena, kwa kuwa EM-DAT huandika tukio kwa kila nchi, Idai, kilichoathiri Malawi na Zimbabwe pia, kitakuwa vimbunga vitatu ukihesabu mistari tu.

Wakati huohuo mwingiliano wa kweli unapotea. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulifikia kilele cha mlipuko wake tarehe 15 Juni 1991, siku ileile Kimbunga Yunya kilipopita karibu. Mvua ililowanisha majivu yaliyorundikana juu ya mapaa, yakawa mazito, na wengi wa waliokufa siku hizo walifia chini ya mapaa yaliyoporomoka. Vifo hivyo ni vya volkano au vya kimbunga? Ukiviandika kote kuwili, umevihesabu mara mbili. Ukichagua kimoja, umefuta kile ulichokuwa ukikitafuta. Kwa miaka kadhaa baadaye mvua ziliendelea kuyasomba majivu yaleyale na kuyashusha mabondeni kama mito ya tope. Ukomo wa siku thelathini kati ya tukio moja na jingine, ambao wanafunzi wengi huuweka bila kufikiri, hauwezi kuyaona hayo.

Kwa kila jozi ya majanga, andika mipaka ya eneo lililoathirika, tarehe za kuanza na kuisha, na namna ya uhusiano: moja limesababisha jingine, limelizidisha, au yamekutana tu.

Jihadhari pia na wanaouza ramani za “hatari zote” zilizopatikana kwa kujumlisha alama za mafuriko, ukame na matetemeko, kana kwamba vitu hivyo vina kipimo kimoja. Waulize kuhusu sehemu nyeupe za ramani zao, zisizoonyesha tukio lolote. EM-DAT huingiza tukio lililoua watu 10 au zaidi, lililoathiri 100 au zaidi, au lililosababisha hali ya dharura kutangazwa au msaada wa kimataifa kuombwa. Maporomoko ya udongo yaliyoua watu wanne na kufunga barabara ya kijiji yanaweza yasiwemo kabisa, na mnunuzi wa ramani hiyo ataambiwa kwamba kijiji hicho ni salama.