Nchi Moja, Macho Mawili

Ndugu zangu, swali lenu limenifikia, tena kwa ukali: "Wewe kila ukipiga simu ni malalamiko. Jamaa mliyepanga naye nyumba moja anasema huko ni raha tupu. Nani kati yenu anatudanganya?"

Hakuna anayewadanganya. Najua jibu hilo linakera, linafanana na la mtu anayekwepa, kwa hiyo nivumilieni nilifafanue.

Mimi nafanya usafi maofisini usiku. Natoka watu wakirudi makwao, narudi wao wakitoka. Mji ninaoujua mimi ni korido zenye taa nyeupe, vikombe vyenye alama za midomo, na picha za watoto wa watu nisiowahi kuwaona, zimebandikwa pembeni ya kompyuta. Kuna mmoja anakaa dirishani, namjua kwa vikaratasi vya peremende anavyotupa chini ya meza. Namjua mpaka siku zake za hasira, maana huwa vinaongezeka. Yeye hajui kama nipo duniani. Basi la alfajiri limejaa wabeba boksi wenzangu, wageni watupu, kila mtu kasinzia. Mkiniuliza wenyeji wakoje, nitawajibu siwaoni.

Jamaa yangu yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana. Wazee wanamshika mkono, wanamsimulia ujana wao, wanamwita kwa jina na kumuulizia akiwa na mapumziko. Kwake yeye, wenyeji ni watu wapole ila wapweke. Ameshafikia hukumu kwamba huku watoto huwatupa wazazi wao, na nasikia amewahubiria hilo kwenye simu. Hapo huwa namkatisha. Wazee anaowaona ni wale waliopelekwa pale. Yule anayetunzwa na binti yake nyumbani hatamwona hata siku moja, kwa kuwa hana haja ya kuletwa. Hivyo ndivyo tunavyowapotosha bila kusema uongo: tunachukua watu waliopita mbele ya macho yetu, tunawafanya kuwa taifa zima. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, ni kweli, lakini hata aliyekilalia anawajua kunguni wa upande wake tu.

Halafu kuna makaratasi. Ya kwake yamekamilika, ya kwangu yako mezani kwa watu. Tukitembea pamoja tukamkuta polisi kwenye kona, mwenzangu anaona mtu wa kumuuliza njia. Mimi naanza kukumbuka kadi yangu iko mfuko gani. Polisi ni yule yule, wala hata hajatuangalia.

Mmeuliza pia kuhusu ubaguzi, na hapo ndipo pagumu. Nikikaa ndani ya basi, mara nyingi kiti cha pembeni yangu hubaki kitupu mpaka pajae kabisa. Ni rangi yangu? Ni sare yangu inayonuka dawa ya kusafishia? Au ni mazoea yao tu, kila mtu na kiti chake? Nimewatazama sana, wao kwa wao nao huachiana nafasi. Lakini siku niliyosemwa vibaya na msimamizi, kiti kile kinanitukana. Siku niliyopata habari njema, nakitumia kuwekea begi.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1980, wa Robert Kleck na Angelo Strenta, ambao nikiukumbuka hunifanya nijichunguze. Waliwachora watu kovu bandia usoni, wakawaonyesha kwenye kioo. Kisha, kwa kisingizio cha kulipaka kitu lisipasuke, wakalifuta bila wenyewe kujua. Watu wale wakaenda kuzungumza na mtu wasiyemjua huku wakiamini kovu lipo. Walipotoka walisema mtu yule alikosa utulivu, aliwaonea huruma, aliwatazama vibaya. Kovu halikuwepo. Walilibeba kichwani wakaliona kwenye macho ya mtu mwingine.

Wapo wanaoishia hapo na kutuambia, basi, mnajiwazia tu. Hao siwakubalii. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti mwingine. Walituma maombi ya kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikilingana, majina tu yakitofautiana: mengine ya kudhaniwa ni ya Wazungu, mengine ya kudhaniwa ni ya Wamarekani weusi. Yale ya kwanza yalipigiwa simu takriban mara 1 kwa kila maombi 10, yale ya pili mara 1 kwa kila 15. Tazameni vizuri hapo. Mtu mmoja aliyekaa kwake akisubiri simu isiyolia hawezi kujua amekoseshwa na jina. Angeweza hata kujilaumu, kwamba barua yake haikuandikwa vizuri. Tofauti ilionekana baada ya maelfu ya maombi kuwekwa pamoja na kuhesabiwa. Kwa hiyo jibu langu la kweli ni kwamba zipo siku naona ubaguzi usiokuwepo, na zipo siku upo umekaa mbele yangu nisiuone. Ni siku zipi, siwezi kuwaambia. Anayedai anazijua zote, awe wa upande wa "wanatuchukia" au wa upande wa "hakuna kitu", mie huwa namsikiliza kwa adabu nikafikiria mambo mengine.

Pesa nisiizungumze sana, tumeshagombana vya kutosha. Nitasema hivi tu: mkisikia mshahara wangu mnaugeuza kuwa hela ya nyumbani, unakuwa mkubwa kweli, mpaka mimi mwenyewe nautamani. Kodi ya nyumba, bima na nauli hamvigeuzi. Mimi navilipa kwa hela ile ile ninayolipwa. Jamaa yangu anajilinganisha na alivyokuwa kabla ya kuja, ndiyo maana anacheka. Mimi najilinganisha na yule wa peremende. Mimi na jamaa yangu tunalipwa karibu sawa.

Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman waliwauliza wanafunzi wa Kusini mwa California, kwenye jua, na wa majimbo ya kati-magharibi ya Marekani, kwenye baridi kali, wameridhika kiasi gani na maisha yao. Makundi yote mawili yaliridhika karibu sawa. Lakini wenzao walioombwa kukisia maisha ya mtu kama wao, wa upande huu au ule, walidhani wa California ndiye mwenye furaha zaidi. Kumbe anayewaza California anawaza jua, na anayeishi humo anawaza mtihani, ugomvi na mchumba, jino linalouma. Ndivyo mnavyoniwaza mimi. Mnawaza ndege na majengo marefu. Jengo refu kwangu lina maana ya vyoo vingi.

Wala msidhani mimi nawaona ninyi sawasawa. Nyumbani iliyomo kichwani mwangu ni ile ya siku niliyoondoka: watoto hawajakua, mzee bado anapanda ngazi bila kushika ukuta. Taarifa za habari za huku zikitutaja, ujue kuna mafuriko au watu wamepigana. Nikiziamini hizo napiga simu usiku kwa hofu, nakuta mnacheka, mnaniuliza kwani kuna nini. Nikiamini zile picha za sherehe mnazonitumia, nashangaa mbona mnaniomba hela ya dawa.

Hata mimi na mimi hatukubaliani. Majira ya giza, jua likizama alasiri, niliwahi kuwaandikia kwamba nchi hii ni kaburi. Miezi ya mwanga nikasema watu wake wamechangamka. Nchi haikubadilika kiasi hicho kwa miezi michache. Kwa hiyo kabla ya kunukuu maneno yangu mbele ya kikao cha familia, angalieni kwanza niliyaandika mwezi gani na nilikuwa nimelala saa ngapi.

Sasa wewe mdogo wangu, unayetaka kuja, ambaye naona ndiwe uliyewachochea wenzako waulize. "Huko ni kuzuri au kubaya" usiniulize tena, wala usimuulize jamaa yangu, utapata majibu mawili uchague lile unalolipenda. Nitumie mkataba uliopewa, kurasa zote. Niambie ni zamu gani, nani analipia nauli yako na utamrudishia kwa masharti gani, pasipoti yako ukifika itakaa na nani, na kibali kimefungwa kwa mwajiri mmoja au unaweza kuhama. Mambo hayo yameandikwa, tutayasoma pamoja neno kwa neno, na kwa hayo mimi na jamaa yangu tutakupa jibu moja.