Mtoto Akitapika, Shika Kijiko

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne aliponitapikia kitandani saa nane usiku. Nikambadilisha nguo, nikampa kikombe cha maji. Akakinywa chote kwa pupa, na kabla sijakitua, yote yakarudi. Nikampa tena, yakarudi tena. Mama mkwe akasema, "Liache tumbo lipumzike, mama." Nikamsikiliza. Hatukumpa hata tone mpaka kukapambazuka, na hilo linaniuma hadi leo.

Asubuhi kwenye zahanati, nesi alimfinya ngozi ya tumbo, akaiachia, tukaitazama ikirudi polepole. Macho yalikuwa yameingia ndani. Analia, machozi hakuna. Nesi akakoroga pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, akanikabidhi kijiko cha chai. Kijiko kimoja, subiri dakika mbili tatu, kisha kingine. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze upya, taratibu zaidi.

Siku zote niliamini tumbo ndilo linalotapika. Kumbe amri hutoka kwenye ubongo, upande wa chini karibu na shingo, na huko habari hufika kutoka kila mahali: utumbo wenye virusi au chakula kilichochacha, sumu au dawa iliyomo kwenye damu, sikio la ndani linapoyumbishwa na basi au boti, homoni za mimba changa. Amri ikitoka, mdomo hujaa mate yanayokinga meno na asidi, kisha kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, na misuli ya tumbo hubana kwa nguvu. Tumbo lenyewe hukamuliwa tu. Ndiyo maana mtoto mwenye malaria au maambukizi ya njia ya mkojo hutapika hata kama hajala kitu kibaya. Akiwa na homa, apimwe, usiseme tu "amekula vibaya."

Na ndiyo maana kikombe changu kilishindwa. Maji mengi kwa mkupuo hulitanua tumbo ambalo tayari limechokozwa, na amri inatoka tena. Maji kidogo hupita, yakafyonzwa. Hata akitapika, si yote yanayotoka.

Pakiti ikikosekana usiku, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kila kijiko kisawazishwe juu, kisirundikwe. Tafadhali usikisie chumvi, ikizidi inadhuru. Anayenyonya aendelee kunyonya. Soda achana nayo, na dawa ya kuzuia kutapika usimnunulie dukani kwa kubahatisha.

(Wenye vichanga: maziwa kidogo yanayochuruzika baada ya kunyonya, naye anachangamka na uzito unapanda, huko ni kucheua, msiogope. Lakini akirusha maziwa kwa nguvu kila anaponyonya, mpelekeni.)

Kuna wakati kijiko hakitoshi. Matapishi ya kijani au yenye damu, mtoto anayelegea au asiyeamka vizuri, shingo iliyokakamaa, kutapika baada ya kujigonga kichwa, au kila kijiko kurudi: ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na akinywa mafuta ya taa, nakuomba sana, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike. Mafuta yakipanda huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mkimbize hospitali.

Siku ile nilikaa kwenye benchi la zahanati na kijiko changu hadi mchana. Alitapika mara mbili, nikangoja, nikaanza upya. Saa saba akailowesha kanga yangu kwa mkojo, wa kwanza tangu jana yake. Nesi akaja mbio kuugusa unyevu ule kwa mkono wake. "Endelea, mama," akasema. "Maji yamefika."