Maneno ya Kifaransa: yape picha
Mdogo wangu, umesema unakariri maneno 20 ya Kifaransa usiku, asubuhi yamepotea. Usiyaimbe tu, yaone. Chukua pierre, yaani jiwe. Linasikika karibu na pera. Basi ona pera bivu, kubwa kama nyumba, limekaa juu ya Jiwe la Bismarck, lile jabali la Mwanza pale Ziwa Victoria, mawimbi yakipiga chini yake. Bateau ni meli, nalo linakaribia bata: mwone bata ameshika usukani wa kivuko cha Kamanga, hapohapo Mwanza, abiria wanampigia kelele! Mimi picha niliyoitunga mwenyewe hunikaa zaidi. Watafiti Atkinson na Raugh walitoa utafiti wao 1975 kuhusu wanafunzi waliojifunza Kirusi huko Marekani, na waliotumia njia hii walikumbuka maneno mengi zaidi. Ila matamshi yasikilize kando, maana pera si pierre, na kesho yake jipime daftari likiwa limefungwa.