Kuhusu nahodha uliyemvua cheo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Unasema ulimvua unahodha msichana wa timu yako ya netiboli kwa kumfokea mwamuzi, mwalimu mwenzako akakuambia kwamba mvulana usingemfanyia hivyo, na ubishi wenu ukaishia kwa Serena Williams, yule mchezaji tenisi wa Marekani aliyeadhibiwa kwa kugombana na mwamuzi. Sasa unaniuliza kama Serena alionewa au alivunja kanuni tu.

Kanuni alizivunja. Katika fainali ya US Open, mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, ya mwaka 2018 dhidi ya Naomi Osaka, mwamuzi Carlos Ramos alimwonya Serena kwa kuelekezwa na kocha aliyekaa jukwaani, akamkata pointi alipovunja raketi, na Serena alipomwita mwizi akamnyang'anya gemu nzima, hata Osaka akatoka 4-3 hadi 5-3 bila kupiga mpira. Kocha mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa akimwelekeza, na Ramos alikuwa anajulikana kwa ukali hata mbele ya wanaume. (Ukiniuliza mimi, aliyedhulumiwa zaidi siku ile ni Osaka, binti wa miaka 20 aliyepokea kombe huku analia kwa sababu ya kuzomea kwa watu.)

Ila adhabu ya mwamuzi ni jambo moja, na namna watu wanavyoipokea hasira ya mchezaji ni jambo jingine. John McEnroe, mchezaji tenisi mwanamume wa Marekani, aliwafokea waamuzi kwa miaka mingi, na mwaka 1990 alitolewa kabisa katika mashindano ya Australia. Hata hivyo hasira zile zikageuka utani wa kupendwa, naye akalipwa kuziigiza katika matangazo ya biashara. Serena, kwa hasira ya siku moja, alichorwa katuni na gazeti la Melbourne akiirukia raketi yake kama mtoto mdogo.

Kama unataka mfano ambao hauna hasira ndani yake, mchukue Alizé Cornet, mchezaji tenisi wa kike wa Ufaransa. Katika US Open hiyo hiyo ya 2018, siku ya joto kali, aligundua kuwa fulana yake ameivaa kinyume, akaivua na kuigeuza upesi pale uwanjani, akapewa onyo, ilhali wanaume walikuwa wakikaa vifua wazi vitini mwao bila kuulizwa neno. Kesho yake waandaaji walieleza masikitiko yao na kuifafanua kanuni.

Nami sina haki ya kumnyoshea mtu kidole. Ulipokuwa kidato cha tatu ulirudi nyumbani na kadi nyekundu kwa kumtolea mwamuzi maneno makali, baba yako akacheka na mimi nikakupakulia chakula, nikawaambia majirani kwamba mwanangu hapendi kuonewa. Mwaka uliofuata dada yako alibishana na mwamuzi wa netiboli, wala hakutukana, nami nikamwambia mbele ya wageni kwamba ananiaibisha. Aliacha kucheza muhula ule ule. Sikuwahi kumuuliza sababu hadi barua yako ilipofika, nilimpigia simu jana, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, kumbe unakumbuka."

Kwa hiyo kabla ya kumjibu mwalimu mwenzako, fungua daftari lako la michezo la mwaka huu, uangalie wavulana waliomfokea mwamuzi na ulichowafanya. Kisha uniandikie ulichokikuta.

Mama yako