Sorry ni pole ama ni samahani?

Mmeuliza wiki hii ni neno gani la kizungu tunalitumia kila siku na hatulielewi vizuri, langu mimi ni "sorry".

Zamani nilifanya kazi hoteli moja huku Nyali, Mombasa, siku hiyo mama mmoja Muingereza akateleza kwa ngazi, nikamwambia sorry, akaniuliza kwani wewe ndo uliyemwaga maji? Kumbe mi nilikuwa nampa pole tu, yani moyoni ni pole lakini mdomoni ikatoka sorry. Waingereza pia hulisema kwa msiba na ugonjwa, ila ukijikwaa wakakuambia sorry wengi utawaona wanahisi wamekukosea.

Nikaja kufuatilia asili yake. Watu hudhani limetoka kwa "sorrow", huzuni, na siyo, hayo yamefanana tu. Ndugu yake ni "sore", ya kidonda na maumivu, kwa hivyo mwanzo wake liko karibu na pole yetu kuliko samahani, na hilo lilinifurahisha sana! "Apologize" nayo inatoka kwa Kigiriki, maneno ya kujitetea, leo maana imegeuka kabisa, ni kuomba radhi. "Regret", kusikitika, ni ya barua za ofisi za kukukatalia, aliyetafuta kazi anaijua hiyo.

Sasa kinachoniuma ni hivi, sisi tuna maneno yetu na kila moja lina kazi yake. Ukimkanyaga mtu kwa feri pale Likoni unamwambia "samahani, pole", yote mawili, moja la kosa lako na moja la kidole chake. Na kila moja lina jibu, pole unajibiwa nishapoa, samahani unajibiwa bila samahani. Siku hizi ni "sori" na kashapita, sasa wewe umjibu nini?

Mwaka jana tulikosana na ndugu yangu mambo ya nyumba ya marehemu mzee, akanitumia meseji, "sori bro". Nikaisoma hata mara kumi, ananipa pole kwa kuwa nimeumia ama anakubali alinikosea? Sikumjibu. Wiki mbili baadae akaja mwenyewe Kisauni, hata kukaa hajakaa, akasema kaka niwie radhi. Hapo nikajua amekusudia nini. Nikamwambia nimekuwia radhi, ingia ndani, chai iko tayari.